Kijiti cha Kushoto

Kilinikatikia mkononi pale Ngara,
kimyakimya, kama muwa uliokauka,
na gari-nyumba zima, tani tatu na ushei,
na jiko lake, kitanda chake, mapazia yake ya maua,
likawa bubu katikati ya barabara.
Nikatoa mkono dirishani. Nikapunga.
Mwenye mkokoteni akadhani namsalimu,
akanipungia naye.

Nimefika kwa Wambeti nikitota jasho,
Barabara ya Kirinyaga, nyuma ya wauza bampa,
ambako oili chafu imeifundisha ardhi kung'aa.
"Hili ni gari au ni ploti?"
Ninampa kijiti. Anakinusa. Naam, anakinusa
kama mnunuzi wa omena.
"Cha mwaka gani?"
"Themanini na tatu."
"Basi ni mkubwa wangu," anasema,
na kukiambia kile kipande cha plastiki: "Shikamoo."

Spea hakuna. Tunazunguka duka kwa duka.
Kijana mmoja analeta cha Pijo,
mwingine cha lori la Isuzu, kirefu kama mwiko wa ugali,
wa tatu anauliza kama ninauza kitanda.

Baba alilinunua kwa mapadri waliokuwa wakirudi kwao,
akaliegesha Dagoretti, chini ya mabati,
akatuahidi Turkana, Shimoni, hata Kisoro.
Tulifika Naivasha. Mara mbili.
Usiku mwingine mtu alikuwa akiketi humo, injini imezimwa,
akiwasha indiketa tu, kulia, kushoto,
na sisi watoto, vitandani,
tukiutazama ukuta ukigeuka manjano, giza, manjano.
Ni baba huyo, tulisema, tukalala.

Wambeti anavua kifuniko cha usukani.
Skurubu tano. Ya sita haipo, labda haikuwahi kuwapo.
Anainama, tochi ndogo ameiuma kwa meno,
kwa hiyo swali lake linatoka limepinda:
"Nani alikitengeneza mara ya kwanza?"
"Hakuna. Baba alikuwa akiapa gari hili halijaguswa na fundi."
"Limeguswa."
Na kwa ncha ya bisibisi anachokonoa kitu chekundu:
meno matatu ya chanuo,
yamefungwa kwa uzi wa cherehani,
mizunguko midogo, imekazwa, imelala sambamba,
na fundo limefichwa upande wa ndani
jinsi mama alivyokuwa akificha mafundo yake yote.

Mama hakuwa na leseni.
Mama, kwa kadiri tulivyojua,
hakukalia kiti cha dereva hata siku moja.

Wambeti haulizi zaidi.
Anapasha moto kipande cha spoki ya baiskeli
mpaka kinaiva rangi ya papai,
anakidunga katikati ya kisiki cha kijiti, moshi unafuka,
anakichomeka kile kilichovunjika juu yake,
anatia gundi, ananyunyiza soda ya kupikia ishike upesi,
kisha analamba kidole na kuguna: chumvi.
Waya mbili za kijani anazichomelea upya.
"Hili chanuo nilitupe?"
"Thubutu!"
Nimeshtuka mwenyewe kwa ukali wangu.
Ninaliweka ndani ya kiberiti, kati ya njiti zilizobaki.

"Jaribu."
Nimezoea magari ya Kijapani; mkono unakwenda kulia,
na waipa zinaamka, zinakwangua vumbi kavu.
Wanacheka mpaka muuza betri anatoka dukani kuuliza kuna nini.
Kushoto, basi. Ninakisukuma juu.
Tik. Tak. Tik.
Kwenye mlango wa mabati wa jirani
manjano, giza, manjano.
Ninakiacha hivyo kwa muda kuliko inavyohitajika.

Ninakishusha. Upande huu una haraka,
tikitikitiki, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni.
"Balbu ya nyuma imekufa," anasema Wambeti. "Hiyo ni mia mbili."
Nina mia na hamsini, na foleni ya Ngara imeanza kufunga.
Anazipokea, anazihesabu mara mbili,
anapiga magoti, anaanza kutafuta balbu
kwenye kopo la misumari.